Hofu ya Kununua, Aibu ya Bure

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu hulipia kwa hiari yake, hofu ina nafasi ya pekee, kwa kuwa ndiyo bidhaa ambayo mnunuzi huipokea akipiga mayowe, huikimbia mara tu anapokabidhiwa, na mwaka unaofuata hurudi kuinunua tena kwa bei iliyopanda. Katika nchi ya Marekani bidhaa hii huuzwa kwa wingi kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi usiku wa tarehe 31 Oktoba, na mojawapo ya maduka yake si duka hasa bali ni njia nyembamba iliyokatwa msituni au katikati ya shamba la mahindi yaliyokauka, ambamo wageni huingizwa usiku kwa makundi madogo na kutembea kwa miguu, huku watu waliojipaka damu ya bandia wakiwachomokea kutoka nyuma ya miti. Katika insha hii mahali pa namna hiyo pataitwa njia ya mizuka, na sababu za kulichagua jina hilo zinastahili kuelezwa kabla ya kusonga mbele.

Kiswahili kina hazina kubwa ya viumbe vya kutisha, wala si haki kuvichanganya. Mizimu ni roho za wahenga, ambazo huheshimiwa na kutambikiwa, na ambazo haifai kamwe kuzikatia tiketi. Majini wana koo zao, dini zao na masharti yao. Zimwi nalo ni la hadithini, na methali yenyewe hulisifu kwamba likujualo halikuli likakwisha. Mzuka, kwa upande wake, umepata jina kutokana na kitenzi kuzuka, yaani kutokea ghafla pasipo kutazamiwa, na hivyo unaeleza kwa neno moja kazi yote ya kijana aliyejibanza nyuma ya robota la nyasi kavu akiwa na barakoa ya mpira usoni. Tena vijana wa Dar es Salaam wamelipa neno hilohilo maana ya pili, kwani mtu aliyechangamka kupita kiasi, kwa muziki au kwa kandanda, husemwa kuwa amepandwa na mzuka, na kwa hiyo lugha yenyewe imekwisha kutambua kwamba hofu na furaha zimepanga chumba kimoja.

Hoja ya insha hii ni kwamba katika njia ya mizuka mgeni hulipia hofu, lakini anachorudi nacho nyumbani hasa ni aibu, ambayo hutolewa bure na bila stakabadhi, na kwamba aibu hiyo haitokani na mizuka hata kidogo bali na matope, viatu, ndugu na ulimi wa mgeni mwenyewe. Ushahidi umechukuliwa katika historia, katika elimu ya mwili, na katika mwenendo wa mtu mmoja wa makamo, mzaliwa wa Tanga na mwalimu wa Kiingereza kwa miaka mingi, ambaye alimtembelea dada yake huko Kentucky katika mwezi wa Oktoba na akapelekwa na wapwa zake kwenye njia ya aina hiyo. Kwa kuwa alisisitiza kwamba hakwenda kutishwa bali kutazama tu kwa ajili ya utafiti, hapa ataitwa mtafiti.

Msomaji wa Pemba au Unguja ana haki ya kuuliza kwa nini mtu alipie kutishwa, ilhali mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipoenea visiwani, watu walitishika bila kutozwa hata senti moja, wakahama vitanda vyao na kulala nje kwa makundi. Jibu ni kwamba hofu ile haikuwa na mlango wa kutokea wala saa ya kufunga, na kwa sababu hiyo haikuwa burudani. Hofu inayouzwa Marekani ni hofu iliyofugwa: ina zizi, ina malisho, na ina mchungaji aliyevaa fulana ya wahudumu, ambaye ikifika saa 5 usiku huizimia taa na kuirudisha bandani.

Asili ya msimu wenyewe iko mbali na Kentucky. Wakelti wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu ya Samhain, iliyofunga mavuno na kufungua majira ya baridi, na usiku wake uliaminika kuwa ndio wakati ambapo wafu na walio hai walikaribiana. Kanisa lilipoiweka tarehe 1 Novemba kuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, mkesha wake ulibaki na sehemu ya mambo hayo ya kale, na jina Halloween halina maana nyingine ila mkesha huo wa watakatifu. Wahamiaji wa Ireland waliomiminika Marekani katika karne ya 19, hasa baada ya njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845, waliibeba desturi hiyo pamoja na mizigo yao. Kwao walizoea kuchonga sura za kutisha katika mboga za mizizi zinazofanana na figili kubwa, lakini ng'ambo walikuta maboga, ambayo ni makubwa zaidi na hayasumbui kisu, na ambayo Mswahili yeyote huyaonea huruma akiyaona yamepangwa barazani kwa maelfu, yametobolewa macho, yakingoja kuoza bila kuonja tui la nazi.

Njia ya mizuka, hata hivyo, haikutokana na ibada bali na utundu wa watoto. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wavulana wa miji ya Marekani walikuwa wakiutumia usiku wa Halloween kuvunja vioo na kuharibu mali za watu, na wazazi, walipoona kwamba kukaripia hakutoshi, waliamua kuwashughulisha kwa kuwatisha. Kijitabu kimoja cha sherehe cha mwaka 1937 kilimwelekeza mzazi namna ya kutengeneza njia ya vitisho ndani ya nyumba: atundike manyoya makuukuu na vipande vya maini mabichi ukutani, ili vidole vya mtoto vivikute gizani, na aning'inize sponji zilizolowa maji kutoka darini, ili zimpapase usoni. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wazazi wale walikuwa wamekwisha kulia vya kutosha; hata hivyo, kutundika maini ukutani katika miaka ya njaa, badala ya kuyatia kitunguu na ndimu, ni dalili ya jinsi hali ya wavulana wale ilivyokuwa imefikia pabaya.

Biashara ilikuja kwa hatua. Huko Uingereza nyumba ya mizuka ya maonyesho, yenye sakafu zinazotikisika, ilikwisha kutengenezwa mwaka 1915. Huko California, Disneyland ilifungua jumba lake la mizuka mwezi wa Agosti 1969, na bustani ya Knott's Berry Farm, ambayo ilianza kama shamba la matunda, ikaanzisha usiku wake wa vitisho mwaka 1973. Katika muongo huo wa 1970 matawi ya Jaycees, chama cha vijana wanaojitolea kwa shughuli za jamii, yalieneza nyumba za mizuka katika miji midogo ili kuchangisha fedha za hisani. Philadelphia nayo ina gereza la Eastern State, lililofunguliwa mwaka 1829 na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambalo tangu mwaka 1991 limekuwa likipokea watu wanaotaka kutishwa, na mapato yake husaidia kulitunza jengo. Hivyo mahali ambapo wafungwa walikesha wakitamani kutoka pamekuwa mahali ambapo watu huru husimama foleni wakitamani kuingia.

Wakulima hawakuachwa nyuma. Mwaka 1993, huko Annville katika jimbo la Pennsylvania, shamba la mahindi lilikatwa kwa mfumo wa mzingile, yaani vijia vinavyojipindapinda na kuzibana kwa makusudi ili anayeingia apotee, na tangu hapo mkulima wa Marekani amejua kwamba mahindi yanaweza kuvunwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kuwapoteza watu ndani yake na mara ya pili kwa kulisha ng'ombe. Mkulima wa Mbozi au Kitale, ambaye hutumia msimu mzima akiwafukuza nyani na wezi shambani mwake, atashangaa kusikia kwamba kuna mwenzake anayewatoza watu kiingilio ili wayakanyage mahindi yake gizani.

Ufundi wa njia hizi, ukiondolewa moshi na makelele, hutegemea kanuni moja ambayo kila mwizi wa sokoni anaijua: macho ya mtu yaitwe upande huu, na jambo lenyewe litendeke upande ule. Mwanasesere wa kutisha huwekwa kushoto na kumulikwa vizuri, ili mgeni amkodolee macho, na mtishaji, yaani mtu aliyeajiriwa au kujitolea kutisha, huzuka kutoka kulia. Ipo pia hila ya kioo iliyopata umaarufu huko London mwaka 1862 kwa jina la John Henry Pepper, ambayo kwayo kioo kikubwa kisichoonekana huinamishwa kati ya watazamaji na chumba kitupu, na mtu aliyefichwa pembeni akimulikwa, taswira yake huonekana kama mzuka unaoelea. Lipo handaki la kuzunguka, ambalo ni pipa kubwa lenye taa, linalozunguka huku daraja lililomo ndani likiwa limetulia kabisa. Miguu humwambia mgeni kwamba amesimama, macho humwambia kwamba anapinduka, na mgeni, kwa kuyaamini macho, huanguka juu ya daraja lisilotikisika.

Mfalme wa vitisho vyote, hata hivyo, ni msumeno wa mnyororo, ule unaoendeshwa kwa injini na kutumiwa kukatia magogo. Katika njia za mizuka msumeno huo huondolewa mnyororo wenye meno, ukabaki mngurumo na harufu ya petroli tu, na kila mgeni huelezwa au hujua jambo hilo kabla ya kuingia. Lakini elimu hiyo huishia masikioni wala haishuki miguuni. Kanuni nyingine inayojulikana katika njia nyingi ni kwamba mtishaji hamgusi mgeni na mgeni hamgusi mtishaji, na sehemu yake ya pili iliwekwa kwa sababu mikono ya watu walioshtuka haina adabu, na mizuka mingi imemaliza msimu ikiwa na alama za ngumi usoni.

Mambo ya usalama hayakuwa hivi tangu mwanzo. Tarehe 11 Mei 1984 jumba la mizuka katika bustani ya michezo ya New Jersey liliungua na vijana 8 wakafa, na msiba huo ulisukuma kuwekwa kwa masharti makali zaidi ya vinyunyizio vya kuzimia moto, vitambuzi vya moshi na milango ya dharura katika majengo ya namna hiyo. Watishaji wa leo wana pia mlango mwingine, ambao si wa moto bali wa moyo, uliowekwa kwa ajili ya mgeni aliyeshindwa kuendelea, na ambao Wamarekani huuita kwa jina la kuku, kwa kuwa kwao kuku ndiye alama ya uoga; hapa utaitwa mlango wa waoga, na umuhimu wake utaonekana mwishoni.

Elimu ya mwili hueleza kwamba mshtuko ni tendo lisiloomba ruhusa ya akili. Sauti kali ikilipuka karibu, kope hufumba, shingo huzama mabegani na magoti hulegea kabla mtu hajapata nafasi ya kujiuliza ni nini kilicholia, kisha homoni ya adrenalini humwagika katika damu na moyo hukimbia. Ndiyo maana aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, ingawa anajua sana kusuka ukili. Akili ikifika, tena kwa kuchelewa kama mgeni rasmi, hukuta kwamba hapakuwa na hatari, na nguvu zote zilizoandaliwa kwa kukimbia hugeuka kicheko. Mwanasaikolojia Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ameilinganisha starehe ya namna hii na ulaji wa pilipili, kwa kuwa mlaji hulia machozi, hupuliza mdomo, huapa kwamba hatarudia, kisha huomba aongezewe.

Watafiti wa Denmark nao waliwavalisha wageni 110 wa nyumba ya mizuka ya mji wa Vejle vifaa vya kupimia mapigo ya moyo, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020 walieleza kwamba burudani ilikuwa kubwa zaidi pale hofu ilipokuwa ya wastani, kwani hofu ndogo ilichosha na hofu kubwa iliondoa raha. Kwa lugha ya jikoni, hofu ni chumvi: chakula kisichonayo hakina ladha, na kilichozidishiwa humwagwa. Utafiti huo, pamoja na ubora wake wote, ulipima moyo na kuacha viungo vingine, na pengo hilo ndilo ambalo insha hii inajaribu kuliziba kwa kupanga ajali za njia ya mizuka katika mafungu.

Fungu la kwanza ni ajali za mavazi. Usiku wa Oktoba katika Kentucky ni wa baridi inayopenya mfupa, ardhi ya shamba huwa imelowa, na maelfu ya nyayo zilizotangulia huwa zimeifanya njia kuwa uji. Mtafiti alishauriwa na shemeji yake avae mabuti ya mpira, lakini alijibu kwamba mtu mzima haendi mbele za watu kwa viatu vya kuoshea magari, akavaa viatu vyeusi vya ngozi visivyo na kamba, vilivyong'arishwa kwa kiwi siku hiyohiyo. Langoni alipewa fomu ya kutia saini, ambayo mgeni huthibitisha ndani yake kwamba hana ugonjwa wa moyo wala kifafa na kwamba akianguka hatamlaumu mwenye shamba, na kwa vile fomu haikuuliza lolote kuhusu magoti, hakulazimika kusema uongo.

Fungu la pili ni ajali za mpangilio. Kundi linaloingia msituni gizani hujadiliana kwanza nani atangulie, na katika mjadala huo hoja za heshima, umri na jinsia hutumiwa kwa ustadi usioonekana hata bungeni. Mtafiti alieleza kwamba kwa mila za kwao mkubwa hukaa nyuma ili awalinde watoto, akamtanguliza mpwa wake wa miaka 11, ambaye aliongoza msafara akila mahindi ya bisi. Hoja hiyo ilikuwa na kasoro moja ya kitaalamu, nayo ni kwamba watishaji wengi humwacha wa mbele apite na kumngoja wa nyuma, kwa kuwa wa mwisho hana mtu wa kumwegemea na masikio yake ndiyo yanayosikia kila kinachotembea nyuma yake. Hivyo mtu aliyejichagulia nafasi ya usalama alikuwa amejipeleka mwenyewe mezani.

Fungu la tatu ni ajali za mikono. Binadamu aliyeshtuka hushika kilicho karibu, na gizani kilicho karibu si lazima kiwe cha kwake. Baada ya mzuka wa kwanza, ambao ulikuwa bibi harusi mwenye shoka, mtafiti alikamata kofia ya koti la mpwa wake mkubwa na kuifuata kwa imani kwa hatua kama 40, hadi taa ilipomweka na kuonyesha kwamba koti lilikuwa la mama mmoja wa Kizungu wa kundi la mbele, ambaye muda wote huo alikuwa akimpigapiga mtafiti kiganja kwa upole, akidhani ni mumewe. Mume mwenyewe alipatikana mbele kidogo, naye alikuwa ameshika mkono wa mwanasesere.

Fungu la nne ni kupotea, na ushahidi wake bora zaidi hautoki Kentucky bali Danvers, Massachusetts, ambako mwaka 2011 familia moja iliyoingia katika mzingile wa mahindi pamoja na mtoto mchanga ilishikwa na giza, ikapiga simu ya dharura ya polisi, na askari waliofika na mbwa wakawakuta hatua chache tu kutoka ukingoni mwa shamba. Inafaa kukumbushwa kwamba Danvers ndiyo iliyokuwa ikiitwa Kijiji cha Salem, ambako mwaka 1692 zilianza tuhuma za uchawi zilizowafanya watu 19 wanyongwe. Mahali ambapo hofu ya kweli iliwahi kuua majirani kwa mikono ya majirani, karne tatu baadaye mtu anaweza kulipa kiingilio, akapotea kati ya mabua, na kuokolewa na mbwa kabla chakula cha usiku hakijapoa; ikiwa hayo si maendeleo, basi neno hilo halina maana.

Fungu la tano linahusu kibofu, nalo litapitiwa upesi. Inatosha kusema kwamba zipo njia za mizuka ambazo wafanyakazi wake huweka hesabu ya wageni waliojilowesha, na huionyesha kwa fahari kama mabao ya ligi. Takwimu zinazomhusu mtafiti hazikupatikana.

Fungu la sita, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni ajali za ulimi. Mtu akishtuka kweli, lugha alizojifunza shuleni humtoroka zote kwa pamoja na kumwachia ile aliyonyonya kwa mama yake. Mtishaji wa msumeno alipochomoka mwishoni mwa njia, pale ambapo wageni huwa wamekwisha kuziona taa za maegesho na kuanza kujisifu, mtafiti, ambaye kwa miaka mingi amewafundisha wanafunzi wake namna ya kutamka Kiingereza kwa utulivu, alitoa ukelele wa "Mama yangu wee, nakufa!" kwa lafudhi safi ya Tanga, akageuka kukimbia, akaacha kiatu cha kushoto katika tope, na akakaa chini bila kukusudia. Injini ya msumeno ilizimika papo hapo. Kutoka nyuma ya barakoa yenye damu ikatoka sauti ya kijana ikisema, "Pole, papa. Uko muzima?"

Lexington na Louisville, miji mikubwa ya Kentucky, ina jamii kubwa ya watu waliotoka Kongo kwa ukimbizi na wanaosema Kiswahili, na kijana huyo, aliyezaliwa upande wa Uvira, alikuwa mwanafunzi aliyetafuta ujira wa mwisho wa juma. Ikumbukwe kwamba Waswahili wakikutana ugenini hawawezi kuachana bila haki ya salamu, na salamu hiyo ina hatua zake: hali, safari, nyumbani, wazazi, watoto, hali ya hewa ya huko na ya huku. Mtafiti alijibu zote akiwa bado amekaa kwenye tope, kwa kuwa haikuwa adabu kumkatiza kijana aliyekuwa akiuliza habari za mama yake. Kundi lililofuata lilifika na kumkuta muuaji wa msumeno amepiga magoti, anatafuta kiatu kwa tochi ya simu na kumhimiza mzee anywe maji, na kwa kuona hivyo watu hao walikataa katakata kutishika, na kundi la nyuma yao likakataa vilevile, mpaka msimamizi alipokuja mbio kuuliza ni kitu gani kilichoharibika.

Wapwa waliokuwa mbele walirudi. Yule wa miaka 11, bisi zikiwa bado hazijaisha, alimwinamia na kumwambia kwa sauti ya huruma, "Mjomba, ni watu tu." Maneno hayo machache yanabeba muhtasari wa elimu yote iliyoelezwa hapo juu, na mtafiti angeyakubali kwa moyo mkunjufu kama yangeishia pale shambani. Siku iliyofuata, hata hivyo, ilikuwa Jumapili, na dada yake alipompeleka kwenye ibada ya Kiswahili mjini, alikuta habari imemtangulia. Mama wa kwaya alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamtazama miguuni, na kumkaribisha kwa jina la papa wa kiatu, ambalo ndilo aliloitwa hadi siku ya kupanda ndege.

Inabaki kuamua nani alaumiwe. Mizuka haina kosa, kwa kuwa ilifanya kazi yake na hata ikapita mipaka kwa wema, na mwenye shamba hana kosa, kwa kuwa aliuza alichoahidi. Kosa liko kwenye mlango wa waoga, au kwa usahihi zaidi, kwenye kuupita. Mtafiti aliupita mara tatu, kwani njia hiyo ilikuwa nayo mitatu, kila mmoja ukiwa na taa ya kijani na benchi kavu, na kila mara aliwatazama wapwa zake, akakohoa, na kusonga mbele. Wahenga walikwisha kusema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nao hawakuhitaji kupima mapigo ya moyo ya watu 110 ili walijue hilo. Waliona tu kwamba ushujaa wa kuonyeshwa watu ni mzigo, na kwamba anayeubeba matopeni huacha viatu.

Kwa hiyo Mswahili atakayealikwa kwenye njia ya mizuka na avae viatu vya kufunga kamba, aende haja kabla ya kuingia, ashike mkono baada ya kuuangalia, akae katikati ya kundi pasipo kutoa hotuba juu ya mila, na akiona taa ya kijani asione haya kuketi kwenye benchi na kuwangoja wenzake. Akikutana na mzuka unaosema Kiswahili, na aufupishe mjadala wa salamu, kwa kuwa mzuka uko kazini. Insha hii imeandikwa na mtafiti mwenyewe, kwa lengo la kuhifadhi kumbukumbu. Kiatu cha kushoto, cheusi, namba 43, hakijapatikana.